Shuka Juu ya Paa

...na bado wanakunja, hawachoki hawa, wanawake wawili juu ya paa jeupe na kati yao shuka refu kama barabara, wanakutana, pembe kwa pembe, wanaachana, wanakutana tena, na hakuna neno, hakuna muziki, ni kitambaa tu kinachopiga upepo, pa, halafu kimya, pa, halafu kimya, na humu ukumbini mtu wa nyuma anatafuna kitu kutoka kwenye mfuko unaochakarisha, na kulia kwa mama shemeji yake ameshusha pumzi kama aliyetua mfuko wa saruji, ndiyo kazi yake, saruji na misumari na rangi za kuta, hata pumzi zake zina uzito wa dukani, anamwinamia sikioni, "Shemeji, hii ndiyo yenyewe au bado wanajaribu mitambo?" naye macho kwenye shuka, mwenye filamu ni mwanawe, yuko pale safu ya mbele, kisogo kile anakijua, alikiosha, alikinyoa, alikipaka mafuta, na kisogo hakigeuki, kimenyooka kama cha mwanafunzi anayengoja kusomewa matokeo, na atakayeyasoma ni yeye, mama, taa zikiwaka tu, kwa sababu familia ilikaa, ikakubaliana, ikamtuma, mwambie inatosha, miaka yote hii ya kukimbiza vivuli inatosha, kaunta iko wazi dukani kwa baba yake mdogo, shemeji huyu huyu, aanze mara moja, wewe ndiye uliyemzaa, neno lako hawezi kulivuka, naye akaitikia, nitamwambia, akaitikia kwa moyo mweupe, hakushikiwa fimbo, amechoka na yeye, amechoka majirani kumuuliza mwanao anafanya kazi gani, anatengeneza picha, za harusi?, hapana, basi za nini?, na yeye kukumbuka ghafla ana chungu jikoni...

Kiti kimegonga, mtu anainuka, kivuli chake kinapita mbele ya shuka na shuka linameza kichwa chake, "Mimi narudi kwangu," anasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mashuka hata kwangu yapo, tena yana kitanda," watu wanacheka, shemeji anacheka kupita wote, halafu anakumbuka amekaa karibu na nani na kicheko anakigeuza kikohozi, na msichana wa kushoto, mwenye miwani, anasema bila kugeuka, "Wanaoondoka waondoke polepole, watatikisa rangi," na mwanamume aliyekuja naye, "Rangi nimeiona, hadithi iko wapi?" "Hadithi ndiyo hiyo unayoiona." "Ninaona nguo za kufua." "Basi umeiona," na kweli anga nyuma ya wale wanawake linageuka, lilikuwa la buluu, linaingia rangi ya kutu, rangi ya tofali kabla ya tanuri, na shuka linaipokea kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama bonge la sukari linavyokunywa chai, na uso wa yule msichana umekuwa mwekundu, na mikono ya mama mwenyewe juu ya mapaja imekuwa myekundu, ukumbi mzima umetiwa ndani ya rangi moja, wanaocheka na wanaonuna, Mungu wangu, ni nzuri, hilo atalikataaje, lakini uzuri haulipi pango, ndivyo familia ilivyosema, na yeye ndiye aliyeitikia kwa kichwa kuliko wote...

Pa. Sauti ile. Ameisikia wapi sauti ile kama si kule hospitalini alikokuwa akifua, chumba cha kufulia, mvuke mpaka kwenye nyusi, sabuni inayokula kucha, na mashuka, mashuka yasiyoisha, shuka la hospitali halina huruma na mtu mmoja, linataka wawili, na mwenzake wa zamu alikuwa mtu wa kuumwa kila wiki, basi akitoka shule mtoto wake huyu anapitia huko huko, Kimya, walimwita Kimya kwa sababu hakuwa na maneno, haya Kimya, shika, vuta, kung'uta, njoo, na Kimya anakuja mbio na pembe zake mbili, viatu vinateleza, shika, vuta, kung'uta, njoo, na siku zote yeye ameomba mtoto asahau, asahau ule mvuke, asahau kwamba wenzake walikuwa uwanjani wakicheza na yeye anakunja mashuka ya wagonjwa...

"Mbona yule wa kulia anainama?" ni mwanamume wa kushoto tena. "Kiuno kinamuuma?" na nyuma wanadakia, mwenzake mrefu kama yeye, anamwinamia nani sasa, huyo mwigizaji hajafundishwa kazi, kicheko kinapita viti hadi viti, na yeye anaangalia, ni kweli, wamelingana kimo, lakini kila shuka likinyooka yule wa kulia anakunja magoti kidogo, anashusha mabega, anazipeleka pembe zake chini hadi usawa wa kiuno, na shuka linakwenda mteremko, na shuka la mteremko hukunjika upogo, pembe hazikutani, kila mfua nguo anajua, anamwinamia nani, anamwinamia nani...

Anamwinamia mtoto.

Kimo cha Kimya kilikuwa kiunoni kwake. Mama ndiye aliyekuwa anainama ili shuka lilale sawa, msimamizi alikuwa na jicho la mwewe, upogo mmoja rundo zima linarudi, akainama hivyo miaka, hakumwambia mtu, yeye mwenyewe alishasahau, mgongo tu ndio ulikuwa unakumbuka, na mtoto ambaye yeye alidhani anaangalia viatu vyake alikuwa anamwangalia yeye, ndani ya ule mvuke wote alikuwa anamwangalia, akauweka ule mwinamo, akaupandisha juu ya paa, akaupa anga lote...

"Ikiisha tu umwambie," shemeji ananong'ona, "mimi nitakaa pembeni," kisha anakodoa macho, "ila rangi hii, shemeji, kusema kweli... hii mimi sina dukani," na yeye, "Ngoja kwanza, shemeji, hawajamaliza," na lile neno la familia analitafuta mdomoni halipo, lipo jingine, dogo, taa zikiwaka atamwambia hilo tu, yule wa kulia ameinama sawasawa, na mtandio umemwangukia mapajani, pembe zake mbili ziko vidoleni, hajui amezishika tangu lini, amezishika chini, chini kabisa, na kisogo kule mbele bado hakijageuka, na juu ya paa wanakutana, wanaachana, pa, shika, vuta, kung'uta, njoo...