Samaki wa Shofele Ndunda

Micheline aliporudi mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, mwezi wa saba wa mwaka 2003, alikuta mlango wa nyumba yake umeng'olewa pamoja na bawaba zake, na mashine yake ya kushona haipo. Tangu mapigano ya mwezi wa tano alikuwa akiishi chini ya turubai kando ya uwanja wa ndege, kati ya watu waliokimbia kutoka mbali kama Djugu na wengine waliokimbia kutoka barabara ya pili tu. Hakulia. Aliegemeza bati mahali pa mlango, akatandika kitenge sakafuni, akalala mpaka jua likazama.

Nyumba ya jirani ilikuwa wazi pia. Hiyo ilikuwa saluni ya Fiacre, kinyozi. Kabla ya vita, watu walikuja kwa Fiacre hata bila nywele za kukata, kwa sababu chini ya kioo chake alikuwa na sanduku la bede, vile vitabu vya hadithi za picha vinavyochapwa Kinshasa kwenye karatasi mbaya na kufika Bunia vikiwa vimechelewa na kukunjwa pembe. Kila Jumapili baada ya misa, wanne walikaa pale: Fiacre mwenyewe, Micheline fundi wa nguo, Lucien, mwalimu wa shule ya msingi, na Paluku, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kufungua duka la sabuni na chumvi. Walisoma, halafu wakabishana. Fiacre alikuwa na sheria moja tu: kitabu hakitoki saluni kabla kila mtu hajasema alichokiona.

Sasa sanduku halikuwepo, na Fiacre hakuwepo. Ukoo wake ulikuwa wa upande ule ambao wenye bunduki waliutafuta nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja alisema alimwona akielekea njia ya Gety, amembeba mama yake mgongoni. Mwingine alisema hakufika mbali. Micheline alisikia yote mawili na hakuuliza tena.

Siku moja, akitoka kuchota maji, alisimama kwa Mama Adeline, aliyekaanga mandazi karibu na njia panda. Mama Adeline alimfungia mawili katika karatasi. Micheline alikula la kwanza akitembea. Alipotaka kula la pili, kofia moja iliyochorwa ilimtazama kutoka ndani ya mafuta: kofia ya Shofele Ndunda, yule wa kwenye bede.

Ndunda walimjua wote wanne kama ndugu. Alikuwa dereva wa kamyo ya kubeba mizigo, mwembamba, mbishi, na kila kitabu kilianza na kamyo yake imeharibika mahali pabaya. Micheline aliweka bidoni yake ya maji chini, akanyoosha karatasi juu ya goti. Pembeni, kwa kalamu, kulikuwa na herufi F yenye mkia mrefu. Fiacre aliiandika hivyo kwenye kila ukurasa ili wateja wasiibe.

Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Paluku. Duka la Paluku lilikuwa limeporwa lote, hata rafu. Siku hizi aliuza vipande vya sabuni juu ya kimeza mbele ya ukuta uliokuwa wake. Lucien alikuwa ameketi kando yake, kama kila siku, kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na nyumbani kwake kulikuwa na wakimbizi kumi na kitu wa familia ya mke wake.

"Ni ile ya jeneza," Lucien alisema mara tu alipoiona. "Mi sikuimaliza. Tulikuwa tuimalize Jumapili ile vita iliingia."

Walisogeza vichwa. Katika ukurasa ule, Ndunda amesimama barabarani na kamyo iliyojaa magunia ya samaki wakavu. Mjane mmoja amemsimamisha. Pembeni yake liko jeneza la mumewe, anataka kumpeleka akazikwe kwao. Nafasi hakuna. Katika picha ya mwisho, Ndunda amepanda juu ya mzigo na kuanza kutupa magunia chini.

Paluku alitikisa kichwa. "Ile samaki si yake. Iko ya mutu. Shofele anapata wapi ruhusa ya kutupa mali ya mutu?"

"Na ule mama?" Micheline aliuliza. "Abaki mu barabara na maiti yake?"

"Sisemi abaki. Nasema aombe mwenye samaki kwanza. Weye unafikiri hii sabuni yangu, kama shofele anaitupa juu ya kubeba maiti, mi nitasema merci?"

"Mwenye samaki iko Kisangani. Maiti itangoja?"

"Miye naangalia dessin, namna imechorwa," Lucien alisema, akigusa karatasi kwa kidole. "Jeneza iko mukubwa kuliko mulango ya kamyo. Ingeingia vipi? Ule muchoraji amechoka."

"Nani hajachoka?" Paluku alisema.

Gari la askari wa kigeni lilipita, likawafunika vumbi, na Paluku akapangusa sabuni zake moja moja. Ndipo Micheline akasema. "Kama karatasi hii iko kwa Mama Adeline, zingine pia ziko kule. Leo batu banakula mandazi, kesho zimeisha."

Walikwenda wote watatu. Mama Adeline alikuwa mwanamke mkubwa mwenye macho mekundu ya moshi. Nyuma ya kiti chake palikuwa na rundo la bede hadi magotini.

"Nani alikuletea hizi?" Lucien aliuliza, kwa sauti ile ya darasani.

"Vijana. Walipita na mizigo."

"Vijana gani?"

Mama Adeline aligeuza mandazi kwa kijiti chake, bila haraka. "Mwalimu, walikuwa na bunduki. Sikuuliza. Weye ungeuliza?"

Micheline alichutama karibu na moto. "Mama, ni za Fiacre, kinyozi. Siye hatutaki kukuharibia kazi. Tukikuletea karatasi ingine, utatupatia hizi?"

"Kama iko nzuri."

Kesho yake Lucien alileta mitihani ya wanafunzi wake wa mwaka uliopita, mfuko mzima. Mama Adeline alifunga mandazi mawili, akayafungua, akawaonyesha: wino wa kalamu ulikuwa umehamia juu ya mandazi, na mtu angeweza kusoma hesabu ya kugawanya kwenye ngozi ya andazi. "Wateja watakataa," alisema. Lucien alikusanya mitihani yake, akiwa na uso wa mtu aliyeanguka mtihani mwenyewe.

Micheline alirudi nyumbani akakaa kitako mbele ya ukuta. Juu, kati ya mbao za paa, wezi hawakuwa wameangalia. Pale alikuwa ameviringa na kuhifadhi patroni zake, karatasi za kaki alizokatia nguo: mikono, kola, mabega ya watu, nguo za harusi za wasichana ambao hakujua sasa wako wapi. Kazi ya miaka yake yote. Lakini mashine haikuwepo, na hakuna aliyekuwa akishonesha nguo ya harusi. Alizishusha, akakung'uta mavi ya popo na vumbi, akazipeleka bila kuzitazama sana. Mama Adeline alipapasa kaki, akakubali. Akaongeza na mandazi matatu.

Basi miezi iliyofuata, alasiri, walisoma mbele ya kimeza cha Paluku. Hawakusoma kama zamani. Vitabu vingi vilikuwa nusu, vingine vilikuwa vimeshikana kwa mafuta, na wasomaji wenyewe walikuwa wachovu kuliko karatasi. Lucien alisinzia katikati ya sentensi yake. Paluku alisahau jina la mtu aliyemtetea dakika iliyopita. Siku risasi ziliposikika upande wa mashambani walikunja kila kitu bila kuambiana, na siku ya pili walianza mahali pengine. Lakini kwenye ule ukurasa wa samaki walirudi kila mara. Micheline aliujua mstari kwa mstari: magunia, jeneza, mjane aliyeshika kichwa, na nyuma yake miti. Mwisho wa kitabu haukupatikana kamwe. Bila shaka mtu aliukunja na mandazi na kuutupa.

Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza Fiacre alipofika.

Micheline alimwona amesimama mbele ya saluni, hakuingia, maji yakimtiririka. Nywele zake, yeye kinyozi, zilikuwa zimefika masikioni. Micheline alimshika mkono akamwingiza nyumbani kwake, kisha akampigia Paluku kelele ng'ambo ya njia. Lucien alikuja akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Walimkumbatia, wakamgusa mabega, wakasema jina lake mara nyingi. Fiacre aliwaacha wafanye hivyo.

"Maman?" Micheline aliuliza hatimaye.

"Alibaki njiani. Mbele kidogo ya Gety." Aliangalia mikono yake. "Tulimuzika mu kitenge yake. Nilichimba na jembe ya kuazima, mutu alikuwa anaingoja."

"Pole, ndugu yetu. Pole sana."

"Aksanti."

Lucien alitoka na kurudi na mfuko wa nailoni. Akaufungua juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayefunua mtoto mchanga. "Bede zako," alisema. "Si zote. Lakini mingi iko. Micheline alitoa patroni zake zote juu ya kupata hizi."

Fiacre alitazama rundo. Alitazama zile F zenye mikia mirefu. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Micheline hakuwa amejua, mpaka saa ile, jinsi alivyokuwa akiingoja furaha ya mtu huyu.

"Moto yako inakufa," Fiacre alisema.

Kweli, makaa yalikuwa na unyevu, na mbabula, jiko la makaa, ilikuwa ikitoa moshi tu chini ya sufuria ya chai. Fiacre alinyoosha mkono, akachukua karatasi ya juu kabisa, akaiviringa, akaichomeka kati ya makaa na kupuliza. Ilikuwa na mafuta. Ilishika mara moja. Lucien aliinuka kitini. "Ile ni ya jeneza! Fiacre!"

Micheline aliweka mkono juu ya kifua cha Lucien. "Acha."

"Lakini ile..."

"Acha, mwalimu. Ni yake."

Kofia ya Ndunda ilijikunja, ikawa nyeusi, ikaanguka. Makaa yalianza kuwa mekundu pembeni. Micheline alitia majani ya chai katika sufuria na kukaa chini. Mvua ilipiga bati.

Fiacre alipokea kikombe chake kwa mikono miwili. Akanywa. Halafu akasema, akiangalia moto, "Ndunda alifanya vibaya."

Paluku aligeuka upesi. "Miye nilisema! Tangu mwezi wa saba nasema. Samaki ya mutu..."

"Si juu ya samaki. Samaki, atupe tu. Lakini alitupa samaki, akapakia maiti, na batu alibaacha mu barabara. Maiti inaweza kungoja. Bale beko simama na mizigo na batoto, hawawezi kungoja."

Watatu walitazamana.

"Batu gani?" Micheline aliuliza kwa upole.

"Nyuma ya ule mama mujane. Bengi. Beko simama mustari."

"Fiacre, ni miti."

"Ni batu."

"Niliiangalia kila siku. Iko miti, ndugu yangu. Miti ya kando ya barabara."

"Batu," Fiacre alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie aliinua macho. Yalikuwa makavu, na yalikuwa yakibishana. "Mbele kabisa iko mwanamuke na matela juu ya kichwa. Weye hukumuona?"

Micheline angeweza kuapa kuhusu ile miti. Lakini karatasi ilikuwa majivu, na yeye mwenyewe alikuwa amepita barabara fulani mwezi wa tano, na godoro kichwani, na magari yakimpita.

"Muchoraji ule," Lucien alisema polepole, akikaa tena, "miti hajui kuchora. Hiyo nilisema siku zote. Inawezekana..."

"Haiwezekani," Paluku alisema. "Kama ni batu, na samaki imetupwa chini pale, mbona hakuna mutu anaokota? Batu ya njaa? Nionyeshe mutu mumoja ya njaa anaangalia gunia ya samaki na hainami."

Fiacre alifikiri. Alifikiri kwa bidii, paji la uso limekunjamana, kikombe kimesahaulika mkononi. "Banaogopa," alisema. "Banafikiri ni mutego."

"Mutego ya Ndunda? Ndunda hana hata bunduki!"

"Bao banajua wapi?"

Lucien alisema basi hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa hadithi nzima, msomaji anajua mambo ambayo watu wa ndani hawajui. Paluku akasema hayo ni maneno ya shule. Sauti zao hazikuwa na nguvu. Walibishana kama watu wanaosukuma baiskeli iliyopakiwa kwenye mlima, wakipumzika kila baada ya maneno machache. Micheline alipaswa kwenda kutega bidoni zake chini ya paa kabla mvua haijaisha. Aliziangalia pale pembeni, tupu. Kisha akamwongezea Fiacre chai, akasogeza kiti chake karibu na moto, na kumwambia aeleze tena, polepole, yule mwanamke wa godoro alikuwa amesimama upande gani.