Watu Sita wa Daktari Hamze

Nitasema ukweli: siku ile nilimkasirikia Daktari Hamze kabla hajafungua mdomo. Mtu amezaliwa Ijara, amesoma Nairobi mpaka Kisomali kimemkauka, halafu ananikodi mimi, mwalimu wa darasa la nne hapa Griftu, nimtafsirie kwa watu wake mwenyewe. Semina iliitwa "Nadharia za Maadili na Masuala Tata ya Jamii." Suala lenyewe halikuwa na utata kwa yeyote ila kwa walioliandika. Ukame ulikuwa umekaza, bauza, lori la kubebea maji, lilikuwa moja, na karatasi ya ofisini ilitaka tuchague: lihudumie bulla tano kubwa, ndivyo tuitavyo vitongoji, au bulla moja ndogo.

Eddo Barwaqo, mama mzee ambaye sote tunamwita shangazi, alitoka kwenye hiyo bulla moja. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Mbuzi wake kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na mjukuu wake alipimiwa maji kwa kifuniko cha chupa ya chai. Alitaka kujua jambo moja tu: bauza litakuja kwao au haliji.

Sasa huku kwetu mgeni akifika huulizwa habari za alikotoka, na habari hizo ni amana. Kama njiani ameona mtu aliyepotea au ngamia aliyevunjika mguu, lazima aseme, na waliosikia lazima wainuke. Kwa hiyo Adeer Jama, mkubwa wetu pale ukumbini, alimuuliza daktari kama ilivyo ada: "Umeona nini huko ulikotoka?"

Daktari akaona huo ni mlango mzuri wa kuanzia somo. "Treni inakuja kasi," akasema. "Watu watano wamefungwa kamba relini. Kwenye reli ya pili amefungwa mmoja. Mnaweza kuigeuza treni. Mtafanyaje?"

Nikatafsiri. Ukumbi mzima ukasimama.

"Wako wapi?" akauliza Adeer Jama, bakora tayari mkononi. Iftin wa duka la dawa akakimbilia bandeji. Eddo Barwaqo akaenda jikoni kuomba kisu cha kukatia kamba. Galgallo, ambaye ana binamu anayeishi karibu na reli kule Athi River, akapiga simu palepale. "Toka nje uangalie!" Binamu akatoka, asione kitu. Akaambiwa azunguke upande wa pili.

"Ni mfano," daktari akasema. "Chagueni. Watano au mmoja?"

"Tuchague vipi na treni haijafika?" Adeer Jama aling'aka. "Dereva ni nani? Nipe namba yake."

"Dereva hasikii."

"Treni amepewa kiziwi?"

Daktari akaeleza nadharia zake. Kuna wanaoangalia faida ya walio wengi, na kuna wanaosema wajibu hauna hesabu. Nilitafsiri zote bila kupunguza, na watu wakamsikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa malaria. Kisha wakamkalisha katikati na kumwambia haondoki mpaka aseme wale sita wako wapi. Chakula aliletewa, maana ni mgeni.

Saa nane akakata tamaa. "Hawapo! Hakuna treni! Nilitaka mzoee kuchagua, ndipo tuzungumze habari ya bauza. Bulla tano, au ile moja."

Hiyo nilisita kuitafsiri. Mwishowe nikaitafsiri. Eddo Barwaqo alikuwa bado ameshika kile kisu.

"Asubuhi yote nimewaombea wale sita," akasema. "Zaidi yule mmoja, kwa sababu yuko peke yake na hukumtaja jina. Basi andika jina lake. Anaitwa Barwaqo."

Daktari akainamia karatasi zake. Nilimwonea aibu, na hasira zangu zote zikaniishia, jambo ambalo nalo liliniudhi.

Adeer Jama ndiye aliyekumbuka. "Na hili bauza, dereva wake ni kiziwi vilevile?"

Billow, dereva wa bauza, alikuwa nje kivulini anakula wali wa semina. Akaitwa, akasimama mlangoni na vidole vyake vina mafuta. Daktari akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama bulla ya huyu mama iko mbali sana na njia yake.

"Kwa huyu mama?" Billow akashangaa, kwa Kiswahili chake ambacho kila p hugeuka b. "Si iko njiani tu. Mimi nabita hapo kila siku. Karatasi haikusema simama. Wananibungia mkono, na mimi nabunga."