Ngonjera ya Ukingo Unaoliwa

Siku hiyo Tunu Mbaruku alilala amenuna, na aliyemnunisha ni mtoto. Tunu alikuwa ametumwa kijijini kuwafundisha vijana habari za mabadiliko ya tabianchi, na kesho yake wageni wangekuja kusikia ngonjera aliyowatungia. Sasa Sikudhani, binti wa darasa la saba, akachomeka ubeti wake: kwamba mto unakula ukingo hadi nyuma ya darasa lao, na wakubwa wameambiwa wakanyamaza. Tunu akaufuta. "Mwanangu, wageni wanakuja kusikia mambo ya dunia, si lawama za darasa lenu." Binti akamsonya, akaenda zake. Basi Tunu akajitupa kitandani jua halijazama, roho inamuuma, usingizi ukamzoa.

Akajiona katika nchi ya matope ambako hakuna hata wa kumkaribisha. Watoto walikaa safu kwa safu, wamevaa fulana mpya, vitambaa vimesokomezwa vinywani mwao, na maji yanawapanda magotini. Mbele yao bwana mmoja wa suti, jina lake Itifaki, alikuwa akitambulisha wageni bila haraka, na kando yake Kaulimbiu, mwanamke mwenye koo la tarumbeta, alirudia "dunia moja, dunia moja," wala asijue dunia hiyo iko upande gani wa mto.

"Maji haya hamyaoni?" Tunu akauliza.

"Subiri, mama," akasema Itifaki. "Meza kuu bado hatujaimaliza."

Kwenye nguzo ya turubai palikuwa na mama mmoja amefungwa kamba. Tunu akamwamkia, yule mama hakuitikia.

"Shikamoo yako baki nayo. Mimi ni Usikivu, na aliyenifunga ni wewe. Umewasimulia watoto hawa visiwa vya mbali vinavyozama, si vibaya. Ila mtu huanza kuijua dunia pale maji yanapomlowesha mwenyewe. Ukimziba mdomo kwa la mlangoni pake, la ng'ambo atalighani kama kasuku. Mmezoea kuwaambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, mkuu asiyesikia la mdogo, guu lake ni la chuma?"

Tunu akamkimbilia Sikudhani, aliyekuwa kati ya watoto wale, akavuta kitambaa kinywani mwake. Kumbe kilikuwa pindo la gauni la kitenge alilovaa Tunu mwenyewe. Kadiri alivyovuta ndivyo gauni lilivyomwisha mwilini. Mkono mzito ukamkamata. Alikuwa Kiburi. "Vuta," akamcheka, "ubaki uchi mbele ya wageni." Na Tunu, aibu ilioje, akaacha kuvuta. Maji yakamfika binti kidevuni, macho yakimtazama yeye tu.

Alizinduka analia. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Alijifunga khanga, na giza halijaingia bado, akaenda kupiga hodi kwa kina Sikudhani, akamkuta binti anaosha vyombo uani.

"Umekuja kufuta na beti zilizobaki?"

"Nimekuja kuurudisha wako. Kesho ndio utakaoanza."

"Na wageni wakinuna?"

"Wanune."

Sikudhani hakutabasamu. Alikung'uta mikono, akamtazama Tunu hadi miguuni.

"Basi twende kwanza ukauone huo mto, mwalimu. Tangu uje kutufundisha habari za maji, hujafika."

Tunu alivua viatu, akamfuata.