Nyoka Hakohoi

Chatu wa baba mdogo Masanja tulimwita Diwani, kwa sababu alikuwa akila mara moja, anajikunja, na hatumwoni tena mpaka mwezi ukatike. Jina hilo nililitoa mimi. Majina yote ya utani mtaani kwetu Kizwite nayatoa mimi. Hata la kwangu sikuwaachia wengine.

Masanja ni Msukuma, mcheza ngoma ya nyoka. Alikuja Sumbawanga kutumbuiza kwenye maonyesho ya wakulima, akamkuta mama mdogo Albina anauza ulezi, akasahau njia ya kurudi kwao. Wasukuma wenzake waliingia Rukwa na ng'ombe. Yeye aliingia na kasha moja la mbao, ndani yake Diwani, enzi hizo mwembamba kama mpini wa jembe. Miaka kumi na moja baadaye Diwani alikuwa amepita mita tatu, ana kibali chake halali cha kufugwa, ambacho baba mdogo alikikunja ndani ya nailoni na kukionyesha hata kwa watu wasiouliza. Hawakujaliwa mtoto, yeye na mama mdogo. Mimi nilipoletwa kwao kuanza kidato cha kwanza, nilimkuta Diwani ndiye mkubwa wa nyumba.

Aliugua mara ya kwanza mwezi wa sita, mwaka juzi. Baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina adabu, inakuingia hata ukiwa ndani ya blanketi umevaa koti. Diwani alikataa kuku. Akawa anainua kichwa juu, mdomo wazi, kama mjumbe anayeomba nafasi ya kuchangia kwenye kikao, na ute mzito unamning'inia kwenye taya. Ukisogeza sikio unasikia pumzi yake inachemka.

Tulimtia kwenye gunia tukampeleka kwa daktari wa mifugo, Kulsumu.

"Shikamoo daktari," nikasema. "Tumeleta mkanda wa suruali, unavuja."

"Marahaba. Wewe Fabiani, siku moja atakumeza nami nitamwandikia cheti cha pongezi." Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Mzee Masanja, mimi nimezoea ng'ombe na mbwa. Lakini nina mwenzangu nitampigia simu. Haya ni mapafu."

Mwenzake alimwelekeza. Sindano kila baada ya siku tatu, kwa wiki tatu. Na joto.

"Joto ndiyo dawa kubwa," alisema Kulsumu. "Nyoka hana moto wake mwenyewe. Anauazima."

Baba mdogo alirudi nyumbani anawaza. Chumba chao ni cha matofali na sakafu ya saruji, baridi tupu. Ndipo mimi, mwenye majibu yote, nikasema: "Kwani mbegu zetu zinalala wapi?"

Kila jiko la kuni kwetu lina dari juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu yanakaa huko, maharage yanakaa huko, chochote usichotaka kiharibiwe na baridi au wadudu unakipandisha huko. Ukigusa mbao za dari hiyo, zina joto usiku na mchana. Nililibeba kasha mwenyewe, nikalipandisha, nikatoboa matundu ya hewa. Baba mdogo alinishika bega. "Umesoma wewe," aliniambia, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Diwani alipona. Sindano zilipokwisha akala kuku mzima, tukashangilia kama tumefunga goli. Baada ya mwezi, kichwa juu, mdomo wazi.

Sindano tena. Akapona. Akaugua. Msimu ule wa baridi aliugua mara tatu, na mwaka uliofuata vilevile, na kila alipougua sisi tuliongeza kuni. Mama mdogo aliacha kulaza moto. Alikuwa anaamka kuuchochea, akimwombea Diwani pamoja na marehemu wa ukoo. Baba mdogo akakataa mialiko ya ngoma, hata ule wa harusi kule Laela. Alipanda darini kumtazama kila asubuhi kabla ya chai.

Tulikuwa tunampima kwenye mizani ya mahindi, dukani kwa jamaa mmoja mtaa wa Katandala. Wapakiaji hawakutuachia.

"Masanja, huyo anapimwa kwa debe au kwa gunia?"

"Tuanze kupima kichwa chako," nikajibu, "tuone kama kuna kitu."

Walicheka. Lakini mizani haikucheka na mtu. Kilo ishirini na moja, kumi na nane, kumi na nne. Mara ya mwisho mpimaji mwenyewe alimshusha kwa mikono miwili, taratibu, akatusaidia kumfunga gunia.

Julai hii Kulsumu alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza, maana Diwani hakuwa wa kubebwa tena. Tulimlaza juu ya mkeka uani. Daktari alipiga magoti, akasogeza pua karibu na magamba, akakunja uso.

"Mbona ananuka kama samaki wa kukausha?"

Akageuka taratibu, akatazama paa la jiko. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi zote.

"Analala wapi huyu?"

Mama mdogo akanyoosha kidole juu. Kulsumu akakaa chini kabisa, kwenye vumbi na gauni lake.

"Jamani," alisema. "Wewe moshi ukikuingia unakohoa, unautoa. Nyoka hakohoi, hana uwezo huo. Ukimwingia umeingia. Mimi napiga sindano, ugonjwa unatoka, nyie mnampandisha, moshi unamuunguza upya, ugonjwa unarudi. Miaka miwili! Nani alimweka kule?"

Tangu darasa la kwanza sijawahi kukosa jibu. Nilifungua mdomo, ukabaki wazi.

"Mimi," alisema baba mdogo. "Nyoka ni wangu."

Daktari hakumgombeza. Alisema atajaribu sindano mara moja zaidi, lakini mapafu yamechoka, na baridi nyingine ya huku juu Diwani haivuki. Ashushwe bondeni, kwenye joto la kweli, akae huko moja kwa moja. Kuhusu kibali, yeye angeongea na wahusika.

Kaka yake baba mdogo anafuga ng'ombe Muze, chini huko Bonde la Rukwa. Jioni hiyo baba mdogo alimtaja kaka huyo mbele ya mkewe.

"Nenda ukakae na Diwani huko," alisema mama mdogo.

"Na wewe?"

"Mimi nina shamba, na mama yangu hawezi kutembea. Unajua."

"Basi nitarudi," alisema. Yakaishia hapo.

Asubuhi mama mdogo alileta kitambaa cheupe kipya, akamfunika Diwani kutoka kichwani hadi mkiani. Wazee wetu wa Kifipa humheshimu chatu, hawamtoi nyumbani bila kumfunika. Na huyu ni mama anayesoma masomo kanisani Jumapili.

"Padre asijue," nikamnong'oneza.

"Padre ni Mfipa," alinijibu, hakuinua macho.

Tulishuka kwa gari la abiria, Noah, kasha limelala mapajani mwa baba mdogo. Kona baada ya kona hewa ikawa nzito, yenye joto, mpaka tukavua makoti. Muze tulimlaza kwenye kibanda cha udongo kisicho na jiko. Sindano nilipiga mimi, kama Kulsumu alivyonifundisha. Siku ya tatu bado mdomo wazi. Siku ya sita mdomo ulikuwa nusu. Siku ya nane, mchana, tulimkuta amejinyoosha urefu wake wote, mdomo umefungwa, ulimi unatoka na kurudi. Nilisogeza sikio. Kimya.

Baba mdogo alikuwa kwenye kizingiti. Nikaona nikichelewa tena sitasema.

"Baba mdogo, kwa daktari ulisema ni wewe. Nilikuwa mimi."

"Ulimpandisha wewe," alisema. "Nani alikuwa anapanda kumtazama kila asubuhi? Miaka miwili, Fabiani. Nafika juu, macho yananitoka machozi. Najifuta, nashuka. Nilijua kabisa ni moshi unaoniliza. Sikujiuliza hata siku moja yeye unamfanyaje."

Nilitafuta neno la kumchekesha. Sikulipata, na nadhani lingekuwepo ningelimeza.

Jioni hiyo tulimpa kuku. Akamkamata, akamzonga, akammeza. Kaka mtu akapiga makofi, watoto wa boma wakapiga yowe. Baba mdogo alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha, nami sikuelewa kwa nini mpaka asubuhi, Noah ya kurudi juu ilipofika.

Aliingia kibandani kuaga. Diwani alikuwa amejikunja pembeni, uvimbe wa kuku ukionekana katikati ya mwili. Baba mdogo alichuchumaa mbele yake, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Amekula jana," alimwambia kaka yake. "Ukimshika sasa atatapika. Asiguswe siku tano."

"Hata wewe?" nikauliza.

"Hata mimi."

Akabaki amechuchumaa hivyo, mikono ameibana katikati ya magoti, mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu.