Miji Aliyoitoa Ngariba Twaibu

Mchana wa Ijumaa, maji ya mizizi hayajapoa kikombeni, usingizi unamchukua Ngariba Twaibu Mkwanda kwenye kiti uani kwake, Tunduru, na anaposhusha mguu hakanyagi uani tena, anakanyaga barabara. Ni nyekundu, haina mwanzo wala mwisho, na inasogea yenyewe chini ya nyayo. Hata humo usingizini mkojo unambana. Anajisogeza pembeni, anasimama, anasubiri, yanatoka matone na wekundu wake, basi, kama anavyosubiri mwaka wote huu huku akimwambia mkewe, Binti Matola, kwamba ni baridi, ni uzee, ni chai nyingi. Huyu ndiye mtu aliyewatahiri wanaume wa vijiji na vijiji, akiwaambia wote jandoni kwamba mwanamume hafungui mdomo. Basi na wa kwake kaufunga, ufunguo kaumeza.

Mbele yake anasimama mtu asiye na uso. Penye uso pametakata tu, kama sahani iliyooshwa. Shikamoo, anasema ngariba, maana umri wake haujui na adabu ni adabu hata huku. Marahaba, anaitika yule, kitendawili. Tega, anajibu ngariba, mdomo unajiendea wenyewe. Mlinzi wangu hazidi bibo, akinenepa mto haupiti. Ngariba jibu analo. Analo tangu siku ile daktari alipowakusanya wanaume sokoni akawaeleza bila kuzunguka: tezi dume, kila mwanamume anayo, ikivimba si lazima iwe saratani, lakini saratani yake huanza kimyakimya, na ikiwahiwa inatibika, kuna kipimo cha damu, na kuna daktari kuipapasa kwa kidole, kwa njia ya haja kubwa. Wanaume wakacheka. Ngariba akacheka kuwashinda, kisha akaenda zake kununua mizizi. Yeye, aliyeshika miili ya watu umri wake wote, ashikwe yeye, tena huko? Sijui, anasema. Nipe mji, anasema asiye na uso. Chukua Masasi, anasema ngariba upesi, kwani mchezo ndivyo ulivyo, ukishindwa unatoa mji, na Masasi yeye ana nini nayo. Ng'ambo ya barabara Masasi imesimama wima, na chini yake Masasi nyingine kichwa chini, kama iliyo ndani ya kioo, na zote mbili zinafifia, na watu wake wanafifia na vikapu vyao mikononi.

Barabara inajikunja, inarudi palepale, na palepale si pale tena. Mwizi kaingilia mlango wa mbele, anasema asiye na uso, mwenye nyumba analilia dirisha la nyuma. Ngariba anageuka, na kando ya barabara, amelalia ubavu, yupo mdogo wake Rajabu, aliyekufa mwaka juzi. Mgongo, alikuwa akisema, mgongo tu, na ngariba kwa mikono yake akimkanda mafuta ya nyonyo, kumbe saratani imeshatoka kwenye tezi inakula mifupa. Mbona hukuniambia kuwa mkojo ulikuwa unakukataa, mdogo wangu? Nikwambie wewe, kaka, anasema Rajabu, nilipolia jandoni uliniambia nini? Na damu yetu moja. Hospitali walisema ndugu wa mgonjwa asikawie kupimwa, wewe umekaa. Ngariba analia, analia hasa, kamasi zinamtoka, na bado ulimi hauendi. Nipe mji. Anatoa Lindi. Nipe mji. Anatoa Songea. Barabara inazunguka, maswali ni yaleyale, na anatoa Tunduru yenyewe, msikiti, mashamba ya mikorosho, makaburi ya wazazi wake, anatoa tu, ili lile jina asilitamke.

Umebakiwa na nyumba, anasema asiye na uso, nayo kwangu ni mji. Ngariba anatazama. Binti Matola yumo uani anapepeta mchele, hana habari, na miguu yake imekwisha kufifia mpaka magotini. Huyo hapana, anasema ngariba. Basi jibu. Mchele alioupepeta unaning'inia hewani, ungo unaanza kufifia. Tezi dume, anapiga kelele, ni tezi dume, nakojoa damu, naogopa, nataka nikapimwe, nipimwe kwa kidole, kwa sindano, kwa chochote, mke wangu mwacheni.

Anafumbua macho. Jua lile lile, kiti kile kile, Binti Matola kasimama mbele yake, amemshika bega. Nimekwambia? anauliza ngariba. Umeniambia nini, baba Zuhura, ulikuwa unakoroma. Moyo unamwanguka. Maneno yote yale, kumbe kayasema upande ambao hauhesabiki, au upande ule ndio wenyewe na huu ndio ndoto, atajuaje? Anamshika mkewe mkono, anauminya, mkono una joto, lakini hata kule machozi yalikuwa na chumvi. Kaa, anamwambia. Anamweleza, polepole, kwa sauti inayokatika, mkojo, damu, tezi, kidole, woga, asibakize. Binti Matola naye anauminya mkono wake. Nakusikia chooni kila siku, anasema, nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Vaa viatu, twende hospitali. Ngariba anainama kuvitafuta viatu, anamwomba Mungu hii iwe ndiyo dunia, maana kuyasema mara ya tatu hawezi.