Jaji Aliyevua Miwani

Alama zilipowaka ubaoni, uwanja mzima ulizomea. Watu wa Perm, mji wa Urusi, si wepesi wa kuzomea, na vijana wale wawili hawakuwa hata wa kwao. Walitoka mji wa Kirov, msichana Ustinya na mvulana Makar, na dansi yao ya kwanza barafuni walikuwa wameicheza bila doa. Wakapewa nafasi ya tano. Rimma Lvovna, mmoja wa majaji tisa, aliinamisha uso kana kwamba anatafuta kitu chini ya meza. Na yeye alikuwa amewabania.

Tusidanganyane. Mkimbiaji ana saa, mcheza mpira ana goli, lakini wacheza dansi wa barafuni wana macho ya watu tu, na macho ya watu yana woga. Jaji akitoa alama iliyo mbali na za wenzake, huitwa na jaji mkuu akajieleze, na akizidi kuitwa huko, haitwi tena kwenye mashindano. Ndiyo maana majaji huenda mazoezini siku moja kabla. Husema wanakwenda kuwatazama wachezaji. Wapi! Wanatazamana wao kwa wao, nani katabasamu, nani kapiga miayo. Dansi yenyewe ikija, kila mtu ana alama yake mfukoni.

Siku ile tangu asubuhi Rimma aliwaona wenzake wananuna kila Kirov ilipotajwa. Akajua shauri limekwisha, naye akafuata. Bendera hufuata upepo, na huyu alikuwa bendera mzoefu.

Lakini moyo haukutulia. Kila mtu mle jengoni alijua kwamba vijana wale wasipoingia tatu bora, Makar atachukuliwa Moscow akachezeshwe na msichana mwingine. Wavulana wa dansi ni wa kutafuta kwa tochi, wasichana ni tele. Ustinya angerudi Kirov bila mwenzi, na dansi ya wawili haichezwi na mmoja.

Katika chumba cha chai Rimma alimkuta Faina Osipovna, jaji mwenzake na shoga yake wa siku nyingi, anatafuna mkate wa kabichi.

"Wewe nawe una roho mbaya, mwenzangu," Faina alimwambia akicheka. "Watoto wa watu umewachinja hivi hivi!"

"Mimi?"

"Nani tena? Jana mazoezini hawajafika hata katikati, ukaweka kalamu chini, ukavua miwani. Sote tukaona. Jaji mkuu mwenyewe, Arkady Venyaminovich, kaninong'oneza, 'Rimma kashawafuta hao.' Nani abishane na wewe?"

Rimma aliweka kikombe mezani. "Faina, nilivua miwani kwa sababu nilikuwa nalia."

"Unalia nini?"

"Uzuri. Sijapata kuona kitu kama kile tangu nikae kwenye meza hiyo ya majaji."

Faina aliacha kutafuna. Akaenda kuufunga mlango. "Hukusema hivyo, na mimi sikusikia."

"Nitamwendea Arkady nimweleze."

"Umweleze nini? Kwamba tunasomana nyuso? Atakufukuza wewe, atanifukuza mimi, kisha ataenda kula supu yake. Na kesho usijitie ushujaa. Alama ya juu kabisa kompyuta inaitupa. Utapanda peke yako, utatupwa peke yako."

Kesho yake, katika mazoezi ya mwisho, Rimma alijitahidi. Alitabasamu wazi, akaitikia kwa kichwa kila Ustinya alipopita mbele yake. Wenzake walimtupia jicho la pembeni, wakatazama kwingine. Arkady Venyaminovich, mzee nadhifu asiyepandisha sauti hata siku moja, alikuja nyuma ya kiti chake akainama.

"Umechoka, Rimma Lvovna? Leo uso wako hausomeki. Watu wanapata shida."

Akaenda zake. Rimma aliogopa, aliogopa kama mtoto.

Hata hivyo, dansi ya pili ilipokwisha, alibonyeza alama ya juu. Wenzake wanane walibonyeza zile zile za jana. Kompyuta ikaitupa ya Rimma, na Kirov wakabaki nafasi ya tano. Safari hii hakuna aliyezomea. Watu walikuwa wameshazoea.

Kwenye ujia wa kutokea Rimma alimkuta Ustinya peke yake kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mbele kidogo Makar alikuwa akizungumza na kocha wa Moscow, amempa mwenzake mgongo.

Msichana alisimama kwa adabu, mguu mmoja una soksi tu. "Rimma Lvovna, samahani mama. Nilikosea wapi? Niambie tu, sitalia. Nikijua kosa langu nitalirekebisha."

Hakuwa amekosea popote. Rimma alifungua kinywa amwambie hivyo, amwambie na mkosaji ni nani. Ndipo akamwona Arkady Venyaminovich kwenye ngazi, koti mkononi, anamsubiri kwa upole.

"Mabega," alisema. "Mabega yako yako juu mno, mwanangu. Yashushe."

"Mabega!" Uso wa Ustinya ulichangamka. "Ahsante mama. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia."

Yalikuwa mabega mazuri kuliko yote Rimma aliyopata kuyaona barafuni. Msichana aligeukia kioo cha ukutani, akayashusha. Akajitazama, hakuridhika, akayashusha zaidi.