Tundu la Sindano

Mama Mikono alikaa kwenye benchi la akiba la kiwanda cha nguo, karibu na mlango wa choo, akipunguza nyuzi kwenye mashati yaliyoshonwa na wengine. Kutoka pale aliiona vizuri Timu ya Njano, wanawake wanane wenye vilemba vya njano chini ya dirisha. Katikati yao alikuwa Bibi Kola, shoga yake wa miaka nenda miaka rudi, akicheka na binti wa vifungo, mshonaji aliyehamishwa kutoka meza ya vifungo.

Kucheka! Na kiti alichokalia yule binti kilikuwa cha Mama Mikono.

Siku msimamizi alipowaambia washonaji wajigawe timu, Mama Mikono alikuwa hospitali na mwanawe. Aliporudi, timu zimejaa. Timu ikiwahi kumaliza, wote wanapata posho. Mmoja akichelewa, wote wanakatwa. Aliyekosa timu alikaa akiba, na wa akiba asiyepata nafasi mpaka Ijumaa, safari njema.

"Ningefanyaje, shoga?" Bibi Kola alimwambia. "Walisema timu isiyotimia inavunjwa."

"Hata kiti hukunishikia."

"Nilishika. Nikaambiwa kiti si cha mtu, ni cha timu."

Haya, hilo angelimeza. Kilichomchoma roho ni uzi. Macho ya Bibi Kola yalikuwa yamekwisha kitambo. Alishona kwa kupapasa tu, na bado mishono yake ilitoka imenyooka. Uzi ukikatika, Mama Mikono ndiye aliyekuwa akimtungia upesi upesi, msimamizi akigeuka. Sasa binti wa vifungo aliinama, akalamba ncha ya uzi, akautunga. Bibi Kola akampapasa shavu.

"Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Miaka yote ile Mama Mikono aliambulia ahsante kavu.

Alhamisi msimamizi alisimama kando ya benchi, mikono mfukoni.

"Hawa wa njano wanawapita wote. Wana dawa gani?"

"Wanasaidiana tu, bosi."

"Usinizungushe. Wewe ulikuwa ukikaa nao." Akashusha sauti. "Ikipatikana nafasi pale, naanza na wewe."

Mama Mikono alitazama dirishani. Binti alikuwa ameinama tena, na mkono wa Bibi Kola ulikuwa begani mwake.

"Mwambie Bibi Kola atunge uzi mwenyewe," alisema.

Msimamizi hakuchelewa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mashine ya Bibi Kola, akaukata uzi kwa mkasi.

"Tunga."

Binti wa vifungo alinyoosha mkono.

"Wewe tulia! Nimemwambia yeye."

Bibi Kola alilamba uzi, akausogeza. Ukapita kando ya sindano. Akalamba tena, ukapita kando tena. Mashine za Njano zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Mwisho aliinua uso, akatazama upande ambao benchi halikuwepo.

"Yuko wapi shoga yangu? Mwiteni Mama Mikono, jamani. Yeye ndiye anayeijua mashine hii, ina matata kidogo."

Mama Mikono aliinamisha kichwa, akakata uzi uliokwisha kukatwa.

Ijumaa asubuhi Bibi Kola alikuwa akimsubiri getini, kilemba chake cha njano mkononi na mto wake wa kukalia kwapani.

"Nimesikia nafasi yangu umepewa wewe. Afadhali, shoga. Angepewa mtu baki, ningeumia."

Akampa mto. Akamfunga kilemba kwa mikono yake mwenyewe, akilipapasa fundo kuhakikisha limekaa sawa.

Chini ya dirisha hakuna aliyemsalimu. Binti wa vifungo alisogeza kiti chake mbali kidogo. Msimamizi alipiga makofi.

"Njano! Kuanzia leo kila mtu na uzi wake. Anayemtungia mwenzake, wanatoka wote wawili." Kisha akainama sikioni kwa Mama Mikono. "Wewe nitegee macho hapa. Ukiona kitu, unajua pa kunipata."

Uzi wake ulikatika kabla hajamaliza mkono wa shati la kwanza. Mama Mikono, mwenye macho mazima, aliulamba, akauelekeza kwenye tundu la sindano. Jicho likamkimbilia binti wa vifungo. Ukapita kando. Akajaribu tena, ukapita kando.

Vilemba saba vya njano vilitazama mbele.